Noreen wa Meno na Mrefu Mfupi

Noreen Staggs alikuwa amesafisha meno ya watu wa Salter kwa miaka mingi kiasi kwamba wengi wao aliwajua kwa magego kabla ya kuwajua kwa majina. Kazi hiyo ilikuwa na raha moja ambayo kazi nyingine hazina: aliyelala mbele yako hawezi kukubishia. Mkono wa kulia Noreen alishika kijichuma cha kukwangulia ugaga, wa kushoto kioo kidogo chenye mpini, na kichwani alikuwa na maoni tele. Mteja alichoweza kujibu ni "aah" au "ooh," na Noreen yote mawili aliyachukua kuwa ni kukubali.

Maoni yenyewe yalihusu mpira wa kikapu wa Chuo cha Pruett. Hapo Salter, kusini mwa Indiana, mahindi yakishavunwa na baridi ikianza kuuma masikio, watu hawana jingine la kuzungumza. Mji umejengwa kwa mawe ya chokaa yanayochimbwa hapo hapo, na timu ya chuo inaitwa Wachonga Mawe. Nusu ya wazee wa mji wamewahi kuyachonga kweli, nusu nyingine husema waliwahi. Kiti chake cha uwanjani Noreen alikirithi kwa mama yake, na mto wa kukalia pia. Hakuwahi kuolewa. Aliwahi kuchumbiwa na fundi wa mabomba, mtu mpole, lakini siku alipomkuta amevaa fulana ya Chuo cha Dunmore, mahasimu wa Pruett, alimrudishia pete. Mpaka leo akiulizwa husema sababu zilikuwa nyingi, kisha anaitaja hiyo moja.

Jumamosi asubuhi redio ya mji ilikuwa na kipindi cha mashabiki, na mtangazaji wake, Chet Amburgey, alikuwa na sauti nzito na subira ya mtu anayevua samaki. Watu walipiga simu wakasema yaliyowajaa. Noreen alipiga kila wiki. Alikuwa maarufu: dukani watu walimjua kwa sauti akiwa bado amegeukia jibini. Walimwita Noreen wa Meno, na jina hilo hakulikataa.

Majira hayo ya baridi ubishi ulikuwa mmoja tu, nao ulimhusu kijana aitwaye Kendrell Boyce.

Kendrell alikuwa na urefu wa futi sita na inchi sita. Ukimkuta kanisani utainua shingo kumwamkia. Lakini mpira wa kikapu una hesabu zake, na kazi aliyopewa Kendrell ilikuwa ile ya kusimama chini ya kikapu, kugombea mipira inayorudi kutoka ubaoni na kuzuia wanaokuja kufunga. Kazi hiyo vyuo vingine huwapa watu wa futi saba, watu wanaoinama kupita milangoni. Kati ya hao Kendrell alionekana kama mtu aliyesahau viatu nyumbani. Alikuwa na mabega mapana, nyonga kama jokofu, na mikono laini inayopokea pasi yoyote. Ila ufupi wake haukuwa na dawa. Basi swali likawa: kijana huyu atumiwe wapi?

Noreen alisema atolewe nje. Ajifunze kurusha kutoka mbali, kwenye mstari wa pointi tatu, huko warefu wasikopenda kwenda.

Daktari Hasselbring, mwenye kliniki na bosi wake Noreen, alisema aachwe ndani. "Jokofu huliweki barazani," alizoea kusema, huku akivaa glavu. "Jokofu mahali pake jikoni."

Wa tatu alikuwa Lavonne, mke wa Merle, kaka yake Noreen. Lavonne aliendesha basi la shule, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watoto sitini wakae chini mara moja. Yeye alisema kijana aanzie benchi. Wengine waanze mchezo, yeye aingie baadaye. Hoja hiyo Noreen aliicheka hadharani. Kumtoa mchezaji kwenye kikosi kinachoanza ni kumwaibisha mbele ya watu elfu nne, na zaidi ya hapo ni kumwambia kocha hajui kazi.

"Wifi," Noreen alimwambia siku moja uwanjani, "wewe unadhani benchi ni mahali pa kumweka mtu aumuke kama unga wa mkate."

"Bora aumuke," Lavonne akajibu. "Wewe unataka kumpeleka nje akapigwe baridi."

Merle alikuwa amekaa katikati yao na ndoo ya bisi. Katika ndoa yake na katika undugu wake alikwishajifunza kwamba mwenye mdomo uliojaa bisi haombwi kupiga kura.

Siku hiyo walicheza na Dunmore, na Dunmore walikuwa na jitu la nywele nyekundu lililoitwa Sorenson, ambalo lilikuwa refu mpaka likachosha kulitazama. Tangu mwanzo Sorenson alimlalia Kendrell mgongoni. Kendrell alisukuma, akasukumwa. Mara moja alitoka nje akarusha kutoka mbali, Noreen akasimama na mikono juu, mpira ukagonga upande wa ubao na kutoka nje ya uwanja kabisa. Safu mbili chini yake, Daktari Hasselbring aligeuka nyuma taratibu, akamtazama, akageuka tena mbele. Noreen alisema baadaye kwamba hata angetukanwa isingemuuma kiasi hicho.

Kipindi cha pili, wakiwa wameruka wote wawili kugombea mpira, kiwiko cha Sorenson kilimpata Kendrell mdomoni. Aliinama, akatema kitu kwenye kiganja, akakitazama. Mwamuzi akapuliza filimbi, daktari wa timu akaja na taulo, na Kendrell akatoka akitembea mwenyewe. Pruett walifungwa, na watu wakarudi majumbani wakibishana kwenye maegesho ya magari, pumzi zao zikitoka kama moshi.

"Angekuwa nje ya mstari, kiwiko kisingemfikia," Noreen alisema.

"Angekuwa benchi, kisingemjua hata jina," alisema Lavonne.

Merle akawasha gari.

Asubuhi yake Noreen alifika kazini, akafungua taa, akavaa koti lake la kazi lenye picha za theluji, na alipotoka kwenda kumwita mteja wa kwanza akakuta Kendrell Boyce amekaa chumba cha kusubiri. Kiti kilikuwa kidogo na magoti yake yalikuwa karibu na kidevu. Alikuwa akisoma jarida la watoto, kwa makini.

Noreen, mwanamke aliyemzungumzia kijana huyu kila Jumamosi tangu Novemba, alirekebisha kola ya koti lake. Hatimaye alisema, "Karibu ndani, mwanangu," na kijana akainuka, akaendelea kuinuka, akamfuata.

Kiti cha kliniki hakikumtosha. Walimletea stuli ya kuwekea miguu. Jino la mbele lilikuwa limemeguka kipande cha pembeni, na Daktari Hasselbring alisema litazibwa tu, halitang'olewa. Akamchoma sindano ya ganzi. Wakamwekea pamba kila upande, Noreen akamning'inizia mrija wa kunyonya mate kwenye kona ya mdomo, na kazi ikaanza.

Kwa dakika chache walifanya kazi kimya kama watu wa heshima. Kisha Daktari alisema, bila kuinua macho, "Aliyekaa karibu na kikapu ndiye anayepata mipira. Jana alipata kumi na mmoja."

"Na kiwiko kimoja," alisema Noreen.

"Kiwiko ni ajali."

"Daktari, ukimsimamisha mtu barabarani akagongwa, hiyo siyo ajali. Umempanga."

"Huko nje alikorusha jana, mpira ulikwenda kumtafuta muuza soda."

"Mmoja huo. Mkono bado haujazoea. Ana mkono mzuri, angalia vidole hivi." Noreen akamshika Kendrell mkono, akauinua kumwonyesha Daktari, kama mtu anayeuza kitambaa.

Kendrell akainua kidole cha mkono mwingine.

"Inauma?" Daktari akauliza.

Kendrell akatikisa kichwa kuwa hapana.

"Basi tulia kidogo, tunakaribia," Daktari alisema, kisha akamgeukia Noreen. "Nyonga zile hazikuumbwa kwa kukimbia huku na huku. Zile ni nyonga za kuzuia mlango."

"Unamsema kama hayupo."

"Wewe umemshika mkono."

Kendrell akainua kidole tena, akatoa sauti ndefu, "Aaaah," na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Noreen alihisi kwamba pengine sauti ile haikuwa ya kukubali. Walimaliza kuziba. Daktari alimulika taa ya bluu ili dawa ikauke, akasugua, akapuliza. Noreen akatoa pamba na mrija. Kijana akajipapasa mdomo uliokufa ganzi, akakaa wima.

"Wewe ndiye yule wa redioni," alimwambia Noreen. Maneno yalitoka yamelegea upande mmoja. "Naijua sauti yako. Mama yangu hukusikiliza huko kwetu Kokomo kwa simu."

Noreen alifurahi. "Kumbe?"

"Ndiyo, mama. Hakupendi hata kidogo."

Daktari Hasselbring alilazimika kwenda kuangalia kitu dirishani.

"Siku moja alikuwa anaendesha," Kendrell aliendelea, kwa adabu kamili, "akasimamisha gari kando ya barabara ili akuseme vizuri. Anakuita yule mwanamke. Lakini mimi simo. Mimi najua unanitakia mema."

Noreen aliketi kwenye stuli ya miguu. "Mwanangu, basi niambie wewe mwenyewe. Unataka kucheza wapi? Nje?"

Kijana akawaza. "Nikirusha kutoka nje, watu wote huvuta pumzi. Ninyi hamjui, lakini kule chini tunaisikia. Uwanja mzima unafanya hivi." Akavuta pumzi kwa kutisha. "Mkono unakauka."

"Nilisema mimi," alisema Daktari kutoka dirishani.

"Na ndani, Daktari, nachapwa. Wanapoanza mchezo wale warefu wana nguvu mpya na hasira mpya. Sorenson jana nilikuja kumwelewa kipindi cha pili, na jino lilikuwa limekwisha kumeguka." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Sekondari nilikuwa naanzia benchi. Nilipenda sana. Nakaa, namtazama mtu. Anaegemea mguu gani. Anashusha mikono lini. Nikiingia, yeye ananiona mgeni, mimi simwoni mgeni. Wa kwanza kuchoka ni yule mrefu, siku zote. Nikimkuta amechoka, urefu wake haumsaidii kitu."

Noreen na Daktari wakatazamana. Wote wawili walimfikiria Lavonne, na hakuna aliyetaka kulitaja jina lake.

"Umemwambia kocha?" aliuliza Noreen.

"Nilimwambia kabla ya Krismasi. Akasema ni wazo zuri, ila akinitoa kwenye kikosi cha kwanza watu watasema amenishusha, na Jumamosi atatafunwa mzima."

"Atatafunwa na nani?"

Kendrell alimtazama kwa huruma. "Na wewe, mama."

Kabla hajaondoka aliwaomba sana kwamba maneno yale yasitoke. Mchezaji kwenda kulalamika kwa daktari wa meno, alisema, wenzake wangemcheka mpaka amalize chuo. Noreen alimhakikishia kwamba linalosemwa kwenye kiti kile halitoki. Na hilo lilikuwa kweli tupu. Mwanamke huyu aliyeongea kama maji ya mfereji hakuwahi hata siku moja kutoa nje jambo la kinywa cha mtu. Alijua ni nani kwenye baraza la mji mwenye meno ya bandia, alijua nani husaga meno usingizini na kwa nini, na alijua kwamba kiongozi wa kwaya aliyeapa kuacha tumbaku hakuwa ameacha. Yote hayo yalikuwa yamelala kwake salama.

Lakini hili lilimwasha. Alifanya kazi siku nzima bila maoni, na wateja wawili walimwuliza kama anajisikia vibaya. Kilichomkera hakikuwa siri yenyewe. Kilichomkera ni kwamba kijana alikuwa na dawa yake mfukoni, na aliyekuwa amesimama mlangoni kumzuia asiitumie ni yeye, Noreen, na simu yake ya Jumamosi.

Ijumaa jioni, walipokuwa wakizima taa za kliniki, alimwuliza Daktari angefanya nini.

"Mimi nitanyamaza," Daktari alisema. "Mimi si maarufu."

"Nikisema aanzie benchi, lazima nitoe sababu."

"Sababu zipo. Lavonne amezisema tangu Novemba."

"Hapo ndipo penye ugonjwa," alisema Noreen.

Jumamosi aliamka, akanywa kahawa, akafuta meza ambayo haikuwa chafu, akapiga simu. Chet Amburgey alimpokea kwa furaha. "Tulikuwa tunakusubiri, Noreen. Kijana kavunjwa jino. Sasa utatuambia atolewe nje, siyo?"

"Hapana, Chet. Nimefikiri. Aanzie benchi."

Redio ikawa kimya. Kimya hicho watu wa Salter walikizungumzia kwa muda, kwa sababu redioni kimya kidogo ni kirefu.

"Noreen," alisema Chet polepole, "unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna mtu hapo nyumbani anakulazimisha? Kama yupo, kohoa."

"Chet, nisikilize. Kuanzia benchi si kushushwa. Atazame kwanza wale warefu, wachoke, ndipo aingie. Kocha akifanya hivyo hakuna wa kumlaumu. Mimi nitakuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi, na mwenye neno aje aniambie mimi."

"Ila hiyo ni hoja ya wifi yako."

"Najua ni ya nani."

"Basi itaje, watu wasikie."

Noreen alishika ukingo wa meza. "Ni hoja ya Lavonne," alisema. "Na alikuwa sahihi tangu mwanzo." Akakata simu, akakaa jikoni kwake akitazama ukuta, akijisikia kama aliyetoka kunyolewa upara.

Simu iliyofuata redioni ilikuwa ya Lavonne mwenyewe. Aliomba kipande kile kirudiwe. Chet alimweleza kwamba kipindi ni cha moja kwa moja, hakirudi. Lavonne akasema hamna shida, yeye atakirudia, na akakirudia, neno kwa neno, kwa sauti ya Noreen.

Kesho yake ilikuwa chakula cha Jumapili kwa kaka yake. Walikula kuku na tambi juu ya viazi vya kupondwa, na Lavonne alipakua kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Wifi, utakula kwanza au utaanzia benchi?" alimwuliza.

"Nipe viazi, Lavonne."

"Subiri kidogo. Tazama wenzako wanavyokula. Angalia wanaegemea mkono gani."

Merle, ambaye mdomo wake safari hii ulikuwa mtupu, alicheka mpaka akakohoa, na Noreen akala viazi vyake. Hakujua kama amefanya jambo jema au amejivunjia heshima bure. Kocha huenda hakusikiliza redio kabisa. Huenda alisikia akapuuza.

Jumatano walipokwenda uwanjani, majina ya wanaoanza yakatangazwa, na la Kendrell halikuwamo. Manung'uniko yalipita uwanjani kama upepo kwenye mabua. Mtu wa nyuma aliuliza kama kijana ameugua. Noreen akasimama, peke yake, akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Lavonne akasimama naye. Watu waliwageukia kama wanaotazama wanawake wawili walioshuka kituo siyo chao.

Laiti ningeweza kusema kwamba Kendrell aliingia akang'ara. Aliingia, akafanya faulo. Akafanya nyingine papo hapo. Kocha akamrudisha benchi, akamwingiza tena, akafanya ya tatu. Alikuwa na hamu kupita kiasi, kama mbwa aliyefunguliwa. Pruett walishinda kwa taabu bila yeye, na wakati wa kutoka Daktari Hasselbring, ambaye alijua kila kitu, alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Benchi lenu zuri sana. Kijana amelikalia mchezo mzima." Noreen alimkodolea macho. Daktari akajikuna sikio, akaonekana kufurahia jinsi anavyotunza siri.

Jumamosi hiyo redioni walimsema Noreen. Mzee mmoja wa machimboni alisema meno ya watu yamemwingia kichwani. Noreen alipiga simu kama kawaida, akasema kijana apewe muda, akakata.

Muda alipewa. Mechi iliyofuata walikwenda ugenini, na huko Kendrell aliingia akiwa ametulia, akadaka mipira, akatoa pasi mbili ambazo Chet alizisimulia Jumamosi mpaka akakosa pumzi. Kufikia Februari mambo yalikuwa na utaratibu: wenzake wanaanza, Kendrell anakaa mwisho wa benchi na kinga mpya ya meno mdomoni, viwiko magotini, akimtazama mtu mmoja tu. Halafu anavua fulana ya mazoezi, na uwanja mzima unainuka, kwa kuwa watu wamekwishajua kitakachofuata. Dunmore walipokuja Salter, Sorenson aliwachapa walioanza atakavyo. Kendrell alipoingia, Sorenson alikuwa anashika kaptula yake kwa mikono miwili, ishara ya aliyechoka. Hakupata tena mpira wa maana. Mara moja alisukumwa kwa nyonga zile akakaa chini kabisa, na Daktari Hasselbring akapanda kwenye kiti chake, mtu wa miaka sitini na mitatu, akapiga mluzi.

Kocha alihojiwa kwenye televisheni akasema mpango huo alikuwa nao tangu Desemba. Noreen alimsikia akiwa anakunja nguo. Hakukasirika. Alikunja soksi pamoja, akasema peke yake, "Sawa, baba," akaendelea na taulo.

Walifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya ukanda wao. Walifungwa kwa kikapu kimoja, na si Kendrell aliyekosea. Alilia hata hivyo, taulo kichwani, na Noreen alilia huku juu, na Lavonne akampa leso aliyokwisha kuitumia mwenyewe.

Aprili, theluji ikiwa imeyeyuka na mto umejaa matope, Chet Amburgey alimwalika Lavonne studio, awe mgeni wa kipindi kizima. Walimtangaza kama Mama wa Benchi. Gari la Merle lilikuwa kwa fundi, kwa hiyo Noreen ndiye aliyempeleka. Alikaa chumba cha kusubiri na kahawa mbaya kuliko zote alizowahi kunywa, akamsikiliza wifi yake kwenye kipaza sauti cha ukutani.

"Tueleze," Chet aliuliza, "Noreen wa Meno alibadilika vipi? Watu wengi bado hawaelewi."

"Nilimwelimisha," alijibu Lavonne. "Taratibu. Kwa upendo."

Noreen alitazama kahawa. Ulimi ulimsogea, akaurudisha. Alishangaa kwamba mzigo wa siri ile haukuwa mzito kama alivyotazamia. Palikuwa hata na utamu kidogo, wa mtu anayejua kilicho ndani ya sanduku na wengine wanakisia.

Lavonne akatoka studio amepaka rangi ya mdomo, ingawa redio haionyeshi sura. Wakaingia garini, wakaenda kutafuta mkate wa nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile nyama inayotokeza nje ya mkate pande zote kama kofia iliyozidi kichwa.

"Nimeongea vizuri?" Lavonne aliuliza.

"Vizuri sana."

Lavonne alitazama nje mpaka walipopita machimbo. Kisha alisema, "Wifi, nikuambie kitu, na usimwambie Merle."

"Sema."

"Mimi habari za benchi sikuwa na uhakika nazo hata kidogo. Ile Novemba wewe ulikwishachukua nje. Daktari alikwishachukua ndani. Nikaona nikikubaliana na mmoja wenu nitakosa cha kusema majira mazima." Alijitazama kwenye kioo cha gari, akarekebisha nywele. "Palibaki benchi tu."

Noreen aliwasha taa ya kuashiria, akaegesha gari kando ya barabara, mbele ya geti la shamba la mtu. Akashika usukani kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso juu yake, mabega yakaanza kumtikisika. Lavonne alidhani analia na akaanza kutafuta leso. Alipogundua kwamba ni kicheko, naye kikamwambukiza, ingawa hakujua wanacheka nini hasa, na hakuwahi kuambiwa. Ng'ombe wawili wakasogea karibu na geti kuwatazama. Baada ya muda mrefu Noreen alijifuta macho kwa kiganja, akaingiza gia, na wakaendelea na safari, njaa ikiwauma.